Neno Lililozaa Jua na Siku

Mirjeta alikuwa amejaza madaftari mawili akifuatilia maneno mawili ya Kialbania: diell, yaani jua, na ditë, yaani siku. Alitaka kujua yalizaliwa na neno gani la kale. Vitabu vilipobishana, alipanda hadi mji mmoja wa milimani kwa Bibi Prenda, ambaye watu walisema analijua.

"Mama alinikanya nisilitamke," alisema bibi. "Neno lile huita. Nalo likiita, huitikiwa."

"Usiponiambia, bibi, litazikwa pamoja nawe."

Bibi Prenda akamvuta karibu, akamnong'oneza neno fupi, laini kama pumzi.

Mirjeta aliinama kuliandika, mkono ukasita. Chumba kilikuwa kimejaa nuru ya manjano, ilhali dirisha lilitazama kaskazini, ambako jua la nchi ile halifiki kamwe, na mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri.

"Bibi, nuru hii inatoka wapi?"

Bibi alikuwa amefumba macho, na kifua chake kimetulia tuli.

Nje, majirani walikuwa wametoka majumbani bila kuitana. Walisimama barabarani wakitazama mlima wa kaskazini, na nyuma yao vivuli vyao vilikuwa vikifupika.