Akiba ya Sauti kwa Kinanda cha Mabomba

Kila nyumba hupewa kipimo chake cha sauti kwa wiki, na anayebakiza huruhusiwa kuweka akiba. Nakijwa na mumewe Eliapenda walianza kuweka tangu binti yao Nakiete azaliwe. Kinu walikizungushia blanketi, bawaba za mlango wakazipaka mafuta, na wao wenyewe wakazungumza kwa vidole. Akiba hiyo ilikuwa ya kinanda cha mabomba cha kanisa lao, kikongwe kuliko babu zao; kisiposikika kabla ya Pentekoste, wagawa sauti wangeyayeyusha mabomba yake.

"Wimbo mmoja utamaliza akiba yote, mama Nakiete," Eliapenda alinong'ona siku ilipofika, mikono ikiwa kwenye mpini wa mivukuto ya kusukuma hewa ndani ya mabomba.

"Wewe vukuta tu. Ukichoka, nitamwita mama yako."

Nakijwa akabonyeza vibao vya kinanda. Bomba refu kuliko yote likaanza kama ngurumo nyuma ya mlima, kisha yale membamba yakapanda juu yake, angavu kama filimbi. Sakafu ikatetemeka chini ya nyayo zake. Wazee waliokuwa mabenchini wakafumba macho.

Nakiete, aliyepakatwa na bibi yake kwenye benchi la mbele, alishtuka. Akapanua kinywa, machozi yakamtiririka. Nakijwa alingoja kilio, lakini hakikuja. Mtoto alikuwa akilia jinsi alivyozoea nyumbani, bila sauti.

Mivukuto ikatulia. "Tuache?" Eliapenda akauliza.

"Vukuta," alisema Nakijwa kwa sauti kamili, ya kwanza tangu ajifungue. "Vukuta mpaka ajue kwamba kulia kwa sauti kunawezekana."

Bomba refu likanguruma tena. Kinywa cha mtoto kilikuwa bado wazi.