Kobe Hana Meno

Kaeni niwape ya Nguchiro. Yeye na Kicheche waligombea kichuguu, na atakayeshindwa ahame na wanawe. Nguchiro akakusanya ndugu zake watupu, wote mafundi wa kung'ata. Kobe naye akaja kuomba nafasi.

"Meno unayo, shemeji?"

"Sina."

"Basi kalale, hapa hatutafuti jiwe!"

Kobe akaenda zake kwa Kicheche. Kicheche akamweka mlangoni, mwenyewe akajibanza nyuma yake. Siku ya vita ukoo mzima wa Nguchiro ukamvamia Kobe, wakang'ata gamba mpaka meno yakawauma. Kicheche, hajaguswa hata unywele, akainua mkia akawapulizia uvundo wake. Wakatimka wakitapika.

Nguchiro akahama, watoto mgongoni. Njiani akamkuta Kobe.

"Shemeji, ulitufanya nini?"

"Mie? Nilipigwa tu."