Mume Aliyeokotwa Hedaru

Mume wa Dorkas hakuwa amemaliza hata msimu mmoja wa mvua kazini, na tayari shemeji mtu alitaka apigwe picha ya paja.

Kazini, ndiyo. Dorkas alimwokota Hedaru, kando ya barabara kuu, akipakia vitunguu kwenye malori. Alimchagua kwa umri wake, kwa masikio yake makubwa na kwa mguu uliochechemea. Mwenyewe alisema anaitwa Paschal.

Dorkas alimweleza shida yake bila kuzunguka. Mumewe, Aminieli, alimwacha majuma machache tu baada ya harusi, akaenda kuchimba madini Mererani. Huko kifusi kikamvunja paja, akawekewa chuma, kisha akapotea jumla. Sasa ilikuwa miaka ishirini na ushei. Wilson, mdogo wake Aminieli, alikuwa amechoka kungoja: alitaka ukoo umhesabu kaka yake marehemu, shamba la tangawizi liwe lake, na Dorkas, asiye na mtoto, arudi kwao.

"Kwa hiyo unatafuta mume," Paschal alisema.

"Natafuta mume wa kuonekana," Dorkas alimjibu. "Wa kulala jikoni."

Yule bwana alimtazama kwa muda mrefu, mpaka Dorkas akakaza khanga isiyolegea. Kisha akakubali.

Alikuwa mwanafunzi wa ajabu. Chasu, lugha ya Wapare, alikuwa nacho tayari, na majina ya mashangazi aliyashika kwa kusikia mara moja. Kanisani aliimba besi kana kwamba Walutheri ndio waliomnyonyesha. Bibi mmoja wa ukoo alimshika mashavu, akalia, akamgombeza kwa kukonda. Dorkas akajipongeza moyoni: kumbe angefaa kuwa mwalimu.

Wilson peke yake ndiye aliyegoma. Alipoonyeshwa kovu la paja, alisema makovu hata bodaboda wote wa Same wanayo. Yeye ndiye aliyekwenda kumuuguza kaka yake enzi hizo, akarudi na picha ya eksirei, ambayo tangu hapo ilikuwa imeziba kioo kilichovunjika kwenye dirisha la choo chake. Sasa aliibandua, akaifuta utando wa buibui, akatangaza mbele ya wazee kwamba huko Same kuna hospitali yenye kompyuta inayotambua vyuma vya watu.

Dorkas alimvuta Paschal nyuma ya jiko, akamsihi atoroke. Kovu mtu anaweza kulipata popote, alimwambia, lakini chuma hakiokotwi njiani. Paschal akajibu kwamba mguu unamsumbua tangu aanze kulala kwenye baridi ya milimani, basi acha uangaliwe. Dorkas alimwona mjinga wa kwanza duniani. Kilichomshangaza ni jinsi moyo ulivyomuuma kwamba atamkosa.

Hospitalini, Irene, mtaalamu wa eksirei, aliwaamkia shikamoo, akawaeleza. Kompyuta ilikuwa imefundishwa kwa maelfu ya picha. Ukiipa picha ya zamani na mpya, inasema kama chuma ni kilekile, na kama kimesogea au kulegea, ili daktari ajue mapema. Wilson aliuliza kama inakamata na matapeli. Irene alimjibu kwamba hayo haijafundishwa.

Paschal akaingizwa ndani. Dorkas alibaki kwenye benchi, akafumba macho ili asali. Aliona haya kumwomba Mungu asaidie uongo, hivyo akaomba umeme ukatike.

Umeme haukukatika.

Irene aliwageuzia kioo cha kompyuta. Picha mbili zilikuwa zimelala sambamba, kila skrubu imezungushiwa mstari wa kijani.

"Ni chuma kilekile," alisema. "Nimekagua na kwa macho yangu. Hata hii skrubu iliyopinda, imepinda vilevile. Ila imelegea, ndiyo maana anaumia."

Wilson aliinua picha yake ya chooni dhidi ya mwanga wa dirisha. Akaitazama, akatazama kioo, akarudi tena kwenye picha yake. Halafu akavua kofia, akamkumbatia yule kuli wa vitunguu, akalia kama mtoto, akimwita kaka.

Dorkas aliinamisha kichwa, akamshukuru Mungu kwa kuwajalia wanadamu mashine zinazokosea.

Walipotoka nje, Wilson alitangulia kutafuta usafiri, angali anapenga kamasi. Yule bwana akamshika Dorkas mkono, akamwinamia sikioni.

"Usiku wa harusi ulilala na viatu miguuni," alisema taratibu, "ili ukighairi ukimbilie kwa mama yako. Hilo hukunifundisha."