Baba Phanice Amefunga

Phelista alikuwa amechutama nyuma ya pazia la jikoni, mwiko mkononi, akimchungulia mkwe mtarajiwa. Mila ni mila: mama mkwe hakai chumba kimoja na mkwe wake. Lakini mila haikusema lolote kuhusu tundu la pazia.

Hillary, kijana wa Misikhu anayemtaka Phanice wake, alikuwa ameonekana kwenye kibanda cha muguka. Aliyemwona ni mumewe Phelista, Jotham, mzee wa kanisa. "Mimi nilikuwa napita tu," alieleza.

Ati muguka! Binti aliyemlea kwa shida hivyo aolewe na mtu wa kutafuna majani kama mbuzi? Thubutu! Akiona dalili moja tu, posa hiyo angeivunja mchana kweupe.

Dalili alizijua. Nesi aliwaeleza akina mama kanisani: muguka huwasha moto mwilini, mtu akatoka jasho kwenye baridi. Tumbo husahau chakula. Usingizi hutoroka, na mdomo haupumziki.

"Nitamkagua mwenyewe," Jotham alikuwa amemwahidi. "Hao watu nawajua sana." Wiki nzima amefunga na kuomba kwa ajili ya neno hilo, hagusi chakula, haguswi na usingizi, anazunguka sebuleni akikemea mapepo hadi jogoo awike. Phelista alimwonea fahari. Waume wa imani kama hiyo ni wachache.

Mvua ya Julai ya Kitale ilikuwa inapiga bati. Hillary alijikunyata ndani ya koti, meno yakigongana. Ugali ulipofika, alimega, akamega tena, akamaliza. Akaongezewa, akamaliza hadi shingo ya kuku. Jotham akamhubiria juu ya ndoa, bei ya mahindi, barabara ya Suam, Sodoma na Gomora, bila kupumua. Kijana akasinzia, kichwa kikaangukia bega la mjomba wake.

Phelista moyo ukamtulia. Baridi anaisikia. Chakula anakula. Usingizi anao. Maskini, mtoto wa watu amesingiziwa!

"Na wewe mzee, mbona huli?" mjomba alimuuliza Jotham.

"Si nimewaambia nimefunga?" Jotham alifungua kifungo kingine cha shati, akajipangusa shingo. "Fungueni dirisha, bana. Nyumba hii ina joto."

Mwiko ulimponyoka Phelista.

Alisukuma pazia, akaingia sebuleni, mila au si mila. Wageni walishika vichwa. Hillary alizinduka, akajifunika uso kwa koti. Phelista alimpita bila hata kumtazama, akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Phanice," alisema, "umefunga vya kutosha. Sasa hebu fungua mdomo."