Mlo wa Mtaalamu wa Vipepeo

Kiwavi wa nne alikataa kushuka. Benoît alimsukuma kwa maji, akatabasamu, akasema ni mtamu sana.

Benoît alitoka Ubelgiji kuja Bukavu kwa kazi moja: kuchunguza vipepeo wa msitu wa Kahuzi. Siku za kazi aliwapiga picha na kuwaita kwa majina ya Kilatini. Jumapili alikula watoto wao. Alijiona kituko, tena kituko chenye shahada ya udaktari.

Lakini angefanyaje? Alipanga chumba kwa Papa Aloys na Maman Jeanine, mtaa wa Nguba, na aliipenda nyumba ile kuliko zote alizowahi kukaa. Kabla ya safari alionywa kwamba mgeni anayesukuma sahani ya wenyeji wake huonekana ana dharau. Hofu yake kubwa ilikuwa kuambiwa, kwa upole, atafute hoteli.

Basi tangu siku ile sokoni Kadutu, alipoinamia beseni la viwavi walioletwa kwa ndege kutoka Shabunda na kuwasifu kwa adabu mbele ya Maman Jeanine, kila Jumapili baada ya misa aliletewa sahani yake. Walipikwa nje, katika sufuria yao peke yao. Maman Jeanine aliwaweka mezani huku amegeuza uso kidogo. Heshima iliyoje, aliwaza Benoît.

Familia nzima iliacha kula ili imtazame. Papa Aloys, alipokaribishwa, alisema ameshiba, na bugali yake ilikuwa bado haijaguswa. Kumbe wananiachia kilicho bora, Benoît alijiambia, na kwa aibu akaongeza kijiko kingine. Jioni alimwandikia mama yake kwamba sasa ameshakuwa mwenyeji kabisa, ila tumbo lake bado liko Ubelgiji.

Jumapili iliyofuata alikuja mezani amejikaza kama mtu anayesubiri sindano. Mbele yake palikuwa na kuku, sombe ya majani ya muhogo na bugali, basi. Maman Jeanine alisimama kando, macho chini, amefadhaika kweli.

“Papa Benoît, utusamehe,” alisema. “Avion ya Shabunda haiyakuya. Leo utavumilia tu kuku, kama siye. Bile bidudu byako, hapa kwetu hakuna mutu anakulaka.”