Ukurasa wa Maji

Picha ilionyesha matope. Ukurasa ulisema maji.

Mwantum aliitazama simu, akaitazama kompyuta, akarudi tena kwenye simu. Bwanaheri, dereva aliyemkodi kumpeleka mdogo wake, Zuhra, hospitali, alikuwa ametuma picha kutoka gatini Nyamisati, saa tano kamili: "Dada nimeshafika. Nala kwanza, boti bado sana." Nyuma ya sahani yake ya ugali palikuwa na matope matupu, kaa wanajiendea. Kwa hesabu za ukurasa aliotengeneza Mwantum, matope yale yalipaswa kuwa yamefunikwa kitambo.

Zuhra alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, kisiwani, ndani kabisa ya delta, na mtoto amekingama tumboni. Mkunga kashasema: huyu ni wa kisu. Boti haina budi kuvuka fungu la mchanga maji yakiwa yamejaa. Siku za maji mafu kama hizi, bahari isipojaa sana, nafasi yenyewe ni finyu. Ukiwahi, pangaboi linavunjikia mchangani. Ukichelewa, maji yakianza kutoka, boti inakaa juu ya fungu mpaka maji ya usiku. Mzigo wa mikoko unaweza kungoja. Mtoto aliyekingama hangoji.

Zamani watu walihesabu kwa mwezi. Lakini mafuriko yalihamisha mafungu, mto ukasheheni maji ya juu, na hata mizizi ya mikoko ikawa haisemi kweli. Ndipo Mwantum, mwenye duka la kuchapa na kudurufu pale Kibiti, akawatengenezea ukurasa wa kufungua kwenye simu, bure, wa kuwaambia saa ya kuondoka. Mwaka sasa, na hakuna boti iliyowahi kukwama.

Lugha ya kompyuta aliyoijua ilikuwa moja tu, Pascal, aliyofundishwa chuoni. Akapata chombo kinachoichukua Pascal na kuigeuza JavaScript, lugha inayoeleweka na kurasa za simu. Hesabu za mwezi na bahari hakuziweza. Akaazima maktaba ya JavaScript, yaani hesabu zilizokwisha kuandikwa na watu wa mbali asiowajua. Kuazima si kazi. Unaiambia Pascal: kitu hiki kiko nje, jina lake hili, kinapokea namba. Pascal inakuamini. Haitoki nje kuchungulia.

Maktaba ile iliyajua maji ya baharini. Kutoka baharini mpaka kwenye fungu, maji huchukua saa nzima. Kwa hiyo Mwantum aliipa namba ya kuchelewesha: sitini.

Sasa aliyafungua maandishi ya maktaba yenyewe, akayafuata mstari kwa mstari kwa kidole, kama mtoto wa chuoni na msahafu. Akakuta. Zile sitini yeye alizipima kwa dakika, maktaba ilizipima kwa sekunde. Ni kama umwambie muuza mchele "sitini" nawe unawaza pishi, yeye akakupimia vibaba. Pascal haikugutuka, maana namba ni namba. Saa nzima ya mto ilikuwa imekuwa dakika moja.

Leo ukurasa unasema saa saba. Maji yenyewe yatajaa saa nane.

Asubuhi mama yake, Bi Mwanaharusi, alikuwa amepiga simu kutoka kilimani, mahali pekee pale kisiwani penye mtandao. "Nahodha Ussi atapanda huku baada ya sala ya adhuhuri, afungue ukurasa wako. Atakavyousoma ndivyo tutakavyoondoka."

"Mama, mwambie asiufungue kwa papara."

"Ussi huyu? Ukurasa wako kauzoea kama mkewe. Anajua mpaka ukinuna."

Mwantum alifuta sitini. Akaandika elfu tatu na mia sita. Akakitia chombo kazini, akautuma ukurasa mtandaoni, akaufungua kwenye simu yake. Saa ya kuondoka: saa nane kamili. Adhana ya adhuhuri ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Alimwandikia Nahodha Ussi ujumbe: "Shikamoo nahodha. Ukurasa ulikuwa na kosa langu, tangu mwaka jana..." Kidole kikasita. Mwaka mzima watu wanamwombea dua, leo ajivue nguo mwenyewe? Na ya nini, ikiwa ukurasa sasa unasema kweli? Akaona haya. Akaufuta ujumbe, akafunga duka, akaita bodaboda.

Alifika Nyamisati saa tisa, vumbi hadi kwenye kope. Boti iliyoondoka saa nane ingekuwa imeshafika. Gatini palikuwa na mitumbwi miwili na gari la Bwanaheri, mwenyewe anafuta kioo, hana haraka.

"Hawajafika?"

"Bado, dada. Ndo kwanza."

"Ndo kwanza nini, Bwanaheri? Mtu ana uchungu tangu alfajiri!"

Bwanaheri akacheka kidogo, akainamisha uso. "Wee dada, mwenye ukurasa ni wewe, na siri yake huijui? Unawahi ule. Ukisema saa saba, watu wanaondoka saa nane. Siku zote tunauongezea saa moja. Nahodha Ussi ndiye katufundisha, visiwani kote wanajua, mpaka wachuuzi wa kamba. Tuliona vibaya kukwambia. Mtu kakusaidia bure, utamrudishia kosa lake?"

Kwenye nguzo za gati maji yalikuwa yameshashuka kiasi cha kiganja, yameacha alama mbichi.

"Usihofu," Bwanaheri akasema, akimwonyesha simu. "Nimeufungua mwenyewe hapa. Leo umesema saa nane. Sasa hivi ndo wanang'oa nanga."