Paka Mafuta

Kalenda ya ukutani, ile yenye "Je, wajua?" ya kila siku, ilisema leo ni Siku ya Paka, na kwamba paka hulala theluthi mbili za maisha yake. Chini yake mkewe alikuwa ameandika mbiombio: "Paka mafuta kabla sijarudi."

Msahihishaji mstaafu wa gazeti akaguna. Miaka thelathini kazini, halafu nyumbani kwake watu wanaandika hivi! Akachomoa kalamu nyekundu, akatanguliza neno moja: "Mpake paka mafuta." Hicho sasa ndicho Kiswahili.

Bosi, paka wao, hakukubali kirahisi. Aliponyoka mara mbili, akaacha mikwaruzo mitatu mkononi. Mwishowe alisimama mezani, manyoya yamegandamana toka masikio hadi mkia, anang'aa kama sufuria mpya, na macho ya hakimu.

Mlango ukafunguliwa. Kwiiiiii! Kama ulivyolia wiki nzima.

"Baba watoto! Si nilikuachia ujumbe? Mbona hizi bawaba bado zinapiga kelele?"

Msahihishaji akaruka kuitafuta kalamu, alifute lile neno upesi.

Bosi alikuwa ameikalia, na hakuwa na haraka.